Wapewe Wimbo Wanaobeba Besi

Msafara wa harusi ukipita Geita mjini, macho ya watu huwa kwa wapiga tarumbeta. Wao ndio wanaopaza wimbo, wanaocheza huku wakipuliza, wanaotunzwa pesa kifuani. Nyuma yao, karibu na ngoma, wapo wenye vyombo vikubwa: tromboni, yufoniamu na tuba. Hao hupiga besi. Watapiga nota mbilimbili kutoka kanisani hadi ukumbini, jua la saa nane likiwa utosini, na hakuna atakayerudi nyumbani akiimba walichopiga. Nimeishi na watu hawa miaka mingi, kama mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya, kwanza Shinyanga, baadaye nikienda na kurudi Geita. Kwao nimejifunza kwamba anayebeba nyimbo za wenzake maisha yake yote naye ana wimbo ndani yake, na kazi ya anayepanga muziki ni kumwandikia.

Nyimbo nilizowaandikia zilitoka mbali. Ni nyimbo za sauti mbili na piano zilizotungwa Ulaya katika karne ya 19 na Felix Mendelssohn, Robert Schumann, Johannes Brahms na Antonín Dvořák. Zilitungwa kwa sauti za watu, mara nyingi soprano na alto. Mimi nilizipanga upya kwa tromboni na yufoniamu, wakati mwingine yufoniamu na tuba, piano ikibaki na kazi ileile iliyopewa na mtunzi. Watu huniuliza nyimbo hizo zinatafuta nini kwenye ukanda wa dhahabu. Huwajibu kwamba zimefika mahali pake. Hazikutungwa kwa ajili ya majumba ya opera. Zilikuwa za kuimbwa sebuleni, na ndugu wawili au mtu na jirani yake, mmoja wa nyumbani akiwa kwenye piano na wageni wamekaa karibu. Nyimbo sita za Opus 63 za Mendelssohn, za miaka ya 1830 na 1840, ni za namna hiyo. Muziki unaohitaji watu watatu na chumba kimoja unaweza kuishi Geita, Kahama au Kishapu bila kusubiri ukumbi ujengwe.

Kanda ya Ziwa ni nchi ya kwaya. Nilipokuwa mtoto Shinyanga, Jumapili ilikuwa ya kwaya kuanzia asubuhi hadi jioni, na mazoezi yalianza tena katikati ya wiki. Tulijifunza kwa solfa. Mwalimu aliandika do, re, mi ubaoni, kila sauti ikapewa mstari wake, na aliyeshindwa kusoma alikaa karibu na anayejua hadi sikio likashika. Nyumba moja ya misheni ilikuwa na piano ya zamani ya kusimama. Kiangazi cha Shinyanga ni kirefu na kikavu, kwa hiyo mbao za piano hiyo zilikuwa zimepasuka na baadhi ya vibonye havikutoa sauti, lakini hapo ndipo nilipojifunza kutumia mikono yote miwili. Mwalimu mmoja mgeni aliondoka akatuachia kitabu cha nyimbo za sauti mbili. Dada yangu mkubwa aliimba sauti ya kwanza. Mimi nilipiga piano huku nikiimba ya pili, kwa maneno ya Kijerumani tuliyoyatamka tu bila kuyaelewa yote.

Dada akaolewa Geita, na sauti ya kwanza ikaondoka naye. Kitabu kilikaa kabatini hadi nilipoanza kuwatembelea. Siku hizo tulikuwa tunavuka Kigongo–Busisi kwa kivuko, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025. Geita ilikuwa inabadilika upesi. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, zaidi ya miaka 30 baada ya ule wa enzi za ukoloni kufungwa mwaka 1966, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Fedha ikaja, watu wakaja, harusi zikaongezeka, na bendi za matarumbeta zikapata kazi kila wikiendi. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa anapiga yufoniamu katika bendi ya namna hiyo. Rafiki yake, kijana mwenye tromboni, siku za kazi alikuwa kwenye karasha za mawe upande wa Nyarugusu, na Jumamosi akawa kwenye bendi.

Jioni moja nilikuwa nikipiga kinanda sebuleni kwao, vipande vya kitabu kile nilivyokuwa bado navikumbuka. Shemeji alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, hiyo sauti ya chini inaimba. Sisi miaka yote tunapiga pu-pa, pu-pa. Wimbo tunausikia kwa wenzetu." Yule kijana akacheka, halafu akauliza kwa heshima kama sauti hiyo inaweza kuandikwa ili waipige wao. Usiku ule nilianza kuandika.

Jambo la kwanza lililonikabili ni kwamba wawili hawa, waliopiga bega kwa bega kila wiki, hawakusoma muziki kwa njia moja. Kijana wa tromboni alijifunza kanisani, katika njia iliyotoka Ujerumani. Vyombo vya shaba vilikuja kwetu kwa milango miwili, misheni na majeshi. Misheni iliyokuja kujulikana kwa jina la Bethel ilianza kazi Usambara mwaka 1891 na Bukoba mwaka 1910. Huko Bethel, karibu na Bielefeld, alifanya kazi mchungaji Johannes Kuhlo, aliyeishi kati ya 1856 na 1941 na aliyeeneza bendi za shaba katika makanisa ya Ujerumani. Kuhlo alisisitiza kwamba mpiga shaba asome nota kama zilivyo kwenye piano, ili mtu yeyote afungue kitabu cha nyimbo na kupiga pamoja na waumini. Anachokiona ndicho kinachosikika. Shemeji alifundishwa na askari mstaafu wa bendi, kwa njia ya Waingereza. Katika njia hiyo yufoniamu huandikiwa ufunguo wa G, na mpigaji akisoma C, sikio linasikia B flati iliyo okteva moja na hatua moja chini. Faida yake ni kwamba aliyezoea tarumbeta anaweza kupewa yufoniamu au tuba akatumia vidole vilevile.

Wapo wanaoamini kwamba njia moja ni sahihi na nyingine lazima iachwe. Mimi nashikilia kwamba kila mtu aandikiwe kwa njia aliyojifunzia. Karatasi ni ya kumsaidia mpigaji afike kwenye wimbo haraka, na mtu mwenye miaka kumi ya kusoma kwa njia fulani hana sababu ya kuanza upya kwa ajili ya raha ya anayeandika. Tangu siku hizo kila wimbo ninaoupanga huwa na karatasi mbili kwa kila sauti, moja ya ufunguo wa F kwa wasomaji wa kanisani, nyingine ya ufunguo wa G kwa wasomaji wa bendi. Ni kazi ya ziada, lakini ndiyo inayofungua mlango.

Wimbo wa kwanza tuliouchagua ulikuwa wa nne katika Opus 63, ambao jina lake kwa Kijerumani ni Herbstlied, wimbo wa majira ya majani kupukutika. Maneno ni ya Karl Klingemann, rafiki wa Mendelssohn, na yanasema jinsi furaha na ngoma zinavyonyamaza upesi. Niliwasimulia maana yake kabla hawajapuliza nota hata moja. Hawahitaji kuona majani ya Ujerumani ili kuelewa. Mchimbaji mdogo anajua rashi: habari zinaenea kwamba dhahabu imeonekana, watu wanahamia kwa maelfu, mama lishe wanafika, muziki unapigwa usiku kucha, halafu mwamba unakauka na porini yanabaki maduara matupu na turubai zilizochanika. Kijana alisema ameshaona kambi za namna hiyo zikifa. Kuanzia hapo hakuhitaji kuelezwa tena kasi ya wimbo wala uzito wake.

Herbstlied imeandikwa katika F shapu maina, yenye shapu tatu. Kwa sauti ya mtu hilo si tatizo. Kwa shemeji, anayesoma hatua moja juu, ingekuwa G shapu maina yenye shapu tano, na vyombo vyetu vya B flati havikai vizuri huko. Niliupandisha nusu hatua hadi G maina. Hapo kijana akasoma flati mbili, na shemeji akasoma A maina, isiyo na shapu wala flati mwanzoni mwa mstari. Kuna wanaoona kuhamisha ufunguo ni kuuvunja wimbo. Lakini nyimbo za aina hii zimekuwa zikichapwa kwa sauti za juu na za chini tangu karne ileile, kwa sababu wimbo hutafuta koo la kuuimba. Koo letu ni shaba, na lazima liheshimiwe.

Ugumu wa kweli ulikuwa kwenye nafasi kati ya sauti. Nyimbo hizi hupenda kutembea kwa tatu: do na mi, re na fa, sauti mbili zikiandamana karibu. Soprano na alto wakiimba hivyo, sikio linafurahi. Ukiishusha sauti yao okteva moja, tromboni na yufoniamu zinakaa vizuri maadamu ziko karibu na C ya katikati. Sauti ya pili ikizama zaidi, do na mi zilizobanana zinageuka ngurumo na msikilizaji hatofautishi nani anasema nini. Ukiandikia yufoniamu na tuba ndiyo zaidi. Dawa ziko mbili. Moja ni kuishusha ya chini okteva nyingine ili tatu iwe kumi: do inabaki na uzito wake, mi inasikika peke yake juu. Nyingine ni kugeuza, mi chini na do juu, ili tatu iwe sita. Ya pili inataka uangalifu, maana inambadilisha anayeshika wimbo. Mimi huitumia ubeti wa pili tu, wimbo ukishaingia masikioni mwa watu, na huitumia kwa makusudi: aliyekuwa sauti ya pili sasa anausema wimbo, na mwenzake anamsindikiza.

Hatari nyingine iko kwenye mkono wa kushoto wa piano. Mtunzi aliweka besi ya piano chini ya waimbaji, na kordi zake zote zinasimama juu ya besi hiyo. Tuba ikishuka chini ya mkono wa kushoto, yenyewe ndiyo inakuwa msingi bila kukusudiwa. Kordi iliyosimama kwenye do inajikuta imesimama kwenye sol, na mwisho wa wimbo unaning'inia, hauketi. Dawa ni kushusha mkono wa kushoto, lakini vinanda vingi vya makanisa yetu vina vibonye 61, na C yake ya mwisho iko okteva mbili tu chini ya ile ya katikati. Hakuna mahali pa kushukia. Nilichojifunza ni kupunguza. Naacha mkono wa kushoto upige nota moja palipokuwa na mbili, au naipandisha tuba kwenye nota zile chache za mwisho. Anayepanga muziki huku kwetu sharti ajue urefu wa kinanda kitakachopigwa kabla hajaandika.

Hata hivyo, piano ya nyimbo hizi haiguswi ovyo. Katika kwaya zetu kinanda mara nyingi hujaza nafasi na kushikilia ufunguo. Kwa Mendelssohn na Schumann, piano ni mtu wa tatu katika mazungumzo. Ndiyo inayoleta upepo, maji, hatua za anayeondoka, na mara nyingi ndiyo inayosema neno la mwisho waimbaji wakishanyamaza. Ninapopunguza nota, nauliza kwanza ile nota ilikuwa inafanya kazi gani. Kama ilikuwa inaongeza unene tu, inaweza kwenda. Kama ilikuwa ni upepo wenyewe, inabaki, hata kama mkono utachoka.

Nikafika kwenye pumzi, na hapo nilijifunza kuliko mahali pengine pote. Katika kwaya ya watu 40 mtu mmoja akivuta pumzi, 39 wanaendelea. Katika nyimbo za sauti mbili hakuna pa kujificha. Wapigaji wawili hukaa kama watu waliobeba machela: wakipumzika kwa wakati mmoja, mgonjwa anashuka chini. Kwa hiyo lazima pumzi zao zipishane, na piano iwe na la kusema mahali kila mmoja anapovuta hewa. Niliandika alama za pumzi kwenye kila karatasi kwa kalamu nyekundu. Kijana alizifuata, lakini sentensi ndefu zilimshinda, na nikamwona akigeuza uso kukohoa.

Karasha husaga mawe ya dhahabu hadi unga, na unga huo una silika. Vumbi la silika likikaa mapafuni kwa muda huleta ugonjwa uitwao silikosisi, usio na tiba ya kuurudisha nyuma, na huongeza hatari ya kifua kikuu. Kijana alikuwa akifanya kazi akiwa amejifunga kitambaa puani, kama wengi. Kitambaa hakizuii vumbi laini kiasi hicho. Dada yangu ndiye aliyesimama naye hadi akaenda kupima kifua, na baadaye akahamia kazi ya nje, mbali na mashine. Majibu yake yalikuwa mazuri, tunamshukuru Mungu. Niliandika upya sentensi zote ndefu za sauti yake. Mahali pengine niligawa sentensi moja kwa wapigaji wawili, mmoja akaianza na mwingine akaimaliza, na ikatoka nzuri kuliko nilivyoiandika mwanzo, kwa sababu sasa wawili hawa walikuwa wanapokezana kama wanaojuana. Kwa kila mwalimu wa bendi katika ukanda huu ninasema: ujue mpigaji wako anafanya kazi gani siku za katikati ya wiki. Mwandikie pumzi aliyonayo, na ukisikia kikohozi kisichoisha, mpeleke hospitali kabla ya kumpeleka jukwaani.

Halafu kuna maneno. Chombo hakina maneno, na mtu anaweza kudhani kazi imeisha ukishaandika nota. Mwimbaji ana konsonanti za kumwambia mahali pa kugusa kwa nguvu na mahali pa kupita kwa ulaini. Mpigaji ana ulimi tu. Nikaanza kuwasomea mashairi kwa Kiswahili changu, mstari kwa mstari, wakaurudia kwa mdundo wa wimbo kabla ya kupuliza. Mahali penye neno zito nikaandika ulimi wa "tu", mahali penye neno laini "du", na mahali ambapo silabi moja inabebwa kwa nota kadhaa nikachora mstari wa kuziunganisha. Wapigaji wa besi wamezoea kupiga kila nota kwa uzito mmoja, maana kazi ya msafara inataka hivyo. Walipoanza kutofautisha maneno mazito na laini, sauti zao zilibadilika hata kwenye matarumbeta, na shemeji aliniambia wapiga tarumbeta wenyewe wameligundua.

Mendelssohn mwenyewe aliifikiria sana habari ya wimbo usio na maneno. Mwaka 1836 alitunga kipande cha piano peke yake, katika A flati meja, akakiita Duetto, ndicho cha mwisho katika Opus 38. Ndani yake sauti ya juu inasema, ya chini inajibu, kisha zinaungana, na zote zinatoka mikononi mwa mtu mmoja kwenye piano. Kipindi hicho alikuwa amempenda Cécile Jeanrenaud, aliyefunga naye ndoa mwaka 1837. Na mwaka 1842, alipoulizwa maana ya nyimbo zake zisizo na maneno, alijibu kwa barua kwamba muziki anaoupenda haumpi mawazo yasiyo wazi kiasi cha kushindwa kuwekwa kwenye maneno, bali yaliyo wazi kuliko maneno. Naliamini hilo, kwa sharti moja: anayepiga awe ameyajua maneno kwanza, kisha ayaache.

Tulipiga kwa mara ya kwanza mbele za watu katika ukumbi wa kanisa Geita, kwenye shukrani ya ndoa ya wazee waliokaa pamoja miaka mingi. Ilikuwa mchana, bati likiwaka. Chombo cha shaba hupanda sauti hewa ndani yake ikipata joto, na kinanda cha umeme hakipandi. Tulikuwa tumetuni asubuhi kukiwa na ubaridi, na sasa shaba ilikuwa juu. Kijana akavuta bomba la kutunia hadi karibu na mwisho. Mimi nikaingia kwenye mipangilio ya kinanda, nikakipandisha kidogo kidogo kutoka 440, shemeji akishikilia nota moja ndefu kwa upole, hadi mtetemo kati yetu ukaisha. Watu walisubiri kwa utulivu, wakidhani ndio mwanzo wa wimbo. Kisha tukaanza. Mama mmoja aliyekaa mbele alimtazama kijana wa tromboni muda wote. Mwishoni alimwendea, akamtunza noti mfukoni, akamwambia, "Mwanangu, leo nimekusikia." Nimehudhuria matamasha mengi, na sijasikia hukumu ya muziki iliyo bora zaidi ya hiyo.

Baada ya Mendelssohn tulikwenda kwa Dvořák, na yeye ndiye aliyenirudisha nyumbani. Katika miaka ya 1870 alikuwa mwanamuziki maskini Praha, akifundisha piano katika nyumba ya mfanyabiashara Jan Neff. Familia hiyo ilipenda kuimba, ikamwomba aziandikie sauti ya pili nyimbo za watu wa Moravia zilizokusanywa na padri František Sušil. Dvořák akaona afadhali achukue maneno ya watu hao na kutunga muziki mpya. Ndivyo zilivyozaliwa zile zinazoitwa nyimbo mbilimbili za Moravia. Zilimfikia Brahms huko Vienna, naye mwaka 1877 akamwandikia mchapishaji wake Simrock kumsifu Dvořák. Simrock akazichapa mwaka uliofuata, na jina la Dvořák likaanza kujulikana nje ya nchi yake. Mlango wake kwenda duniani ulikuwa maneno ya wakulima, kwa sauti mbili na piano.

Nikajiuliza Wasukuma tunasubiri nini. Tuna nyimbo za bugobogobo za kulimia, tuna wigashe inayoimbwa watu wakiwa wamekaa, na tuna watunzi, baningi, ambao majina yao yanakumbukwa kijiji hadi kijiji. Padri David Clement kutoka Kanada alilijua hilo alipoanzisha makumbusho ya Bujora, Kisesa, akaziingiza ngoma na nyimbo za Kisukuma katika ibada. Nilikwenda kwa mzee mmoja wilaya ya Kishapu, ambaye ujanani aliongoza nyimbo za kulima. Tulisalimiana, "Mwangaluka," nikamweleza ninachotaka. Aliimba sauti ya anayeongoza, kisha akanifundisha ya wanaoitikia, na hakuniruhusu kuandika hadi nilipoweza kuimba zote mbili. Kisukuma ni lugha ya toni, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Nilipoupanga wimbo ule kwa yufoniamu na tuba, na mzee akausikia kwenye simu yangu bila neno hata moja, alianza kuitikia mahali pake.

Nilimwomba ruhusa na nikaandika juu ya karatasi jina la aliyetunga, kama alivyonieleza. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mendelssohn alifariki mwaka 1847, Schumann 1856, Brahms 1897, Dvořák 1904; nyimbo zao ziko huru kwa yeyote kuzipanga, na zinapatikana bure kwenye maktaba ya intaneti ya IMSLP. Mtunzi wa kwaya aliye hai Shinyanga au Kahama hayuko hivyo. Aombwe, aandikwe jina, na wimbo ukileta fedha apate sehemu yake.

Leo shemeji na yule kijana wanapiga nyimbo hizi kwenye shukrani, kwenye mazishi, na katikati ya harusi wageni wakiwa wanakula, na wamewafundisha vijana wengine. Ninachotaka kuwaambia walimu wenzangu wa kwaya na bendi kuanzia Shinyanga hadi Geita ni hiki. Mtazame mpiga tuba au tromboni aliye kanisani kwako, muulize amejifunza kusoma kwa njia gani na pumzi yake inafika wapi, kisha mwandikie wimbo, wa Mendelssohn au wa bibi yako. Uandike kwa mkono au kwa programu ya bure kama MuseScore, uchape steshenari, na juu ya kila karatasi uweke jina la mtunzi, jina lako, ufunguo na mwaka, ili kazi isipotee ukihama. Weka nakala moja kwenye kabati la kanisa. Anza na kipande cha dakika mbili chenye sauti mbili tu, na uwape wapigaji wiki tatu za kukijua kabla ya kusimama mbele za watu.